Sura ya Tano: Kikomo Kisichosukumika

Kasi ya mwanga ilianza kukadiriwa Paris mwaka 1676, pale Ole Rømer alipoona kwamba kupatwa kwa Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, kulichelewa kila dunia ilipojitenga na sayari ile na kuwahi kila ilipoikaribia. Tangu hapo kasi hiyo imepimwa kwa magurudumu yenye meno, kwa vioo vinavyozunguka, kwa leza, mpaka mwaka 1983 ikawekwa rasmi kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde, na urefu wa mita yenyewe ukaanza kutegemea namba hiyo. Lakini vipimo vyote hivyo, hata viwe sahihi namna gani, havijibu swali la sura hii. Kujua kitu kinakwenda kasi gani si sawa na kujua kwamba hakuna kingine kinachoweza kukipita. Ukitaka kusema neno zito kama hilo, kwamba ulimwengu mzima una kasi moja ya juu kabisa, unahitaji ushahidi wa namna nyingine. Unahitaji watu waliojaribu kuivuka kasi hiyo, kwa nguvu na kwa maarifa, wakashindwa.

Watu hao wapo, na kazi yao imeandikwa. Inanisikitisha kuona wanafunzi wakifundishwa kikomo hiki kana kwamba ni amri iliyotolewa na Albert Einstein mwaka 1905 na kupokelewa kwa sababu ya jina lake. Nadharia yake ya uhusianifu ilisema mambo yanayoweza kukanushwa na jaribio moja tu lililofanywa vizuri. Majaribio yakafanywa.

Tuanze na njia ya nguvu. Fizikia ya Newton, ile ya kidato cha pili na cha tatu, inasema kwamba ukikipa kitu nishati ya mwendo mara nne, kasi yake inaongezeka mara mbili. Ukikipa mara mia, kasi inaongezeka mara kumi. Hesabu hiyo haina ukomo. Mwenye nishati ya kutosha anaweza kufika kasi yoyote anayoitaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 William Bertozzi, mwanafizikia wa MIT nchini Marekani, aliijaribu hesabu hiyo mbele ya kamera, kwa ajili ya filamu ya kufundishia. Alichagua elektroni, kwa sababu ni nyepesi mno na hushika kasi upesi. Alizisukuma kwa mashine, kisha akaziacha zikimbie zenyewe umbali wa mita 8.4 ndani ya bomba lililoondolewa hewa. Zilipoanza safari zilitoa ishara ya umeme, na zilipogonga kisahani cha alumini mwishoni zikatoa ishara ya pili. Umbali ukigawanywa kwa muda uliopita kati ya ishara hizo mbili, kasi inapatikana. Hakuna nadharia iliyofichwa humo. Ni futi na saa.

Elektroni zilizopewa nishati ya elektroni-volti nusu milioni zilitumia nanosekunde 32.3, na nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Hiyo ni kasi ya kilomita 260,000 kwa sekunde. Kwa hesabu ya Newton zilipaswa kufika 420,000, yaani tayari ziwe zimeupita mwanga. Bertozzi akapandisha nishati hadi milioni 1, kisha milioni 1.5, kisha 4.5, mwishowe 15. Sasa nishati ilikuwa mara 30 ya ile ya mwanzo. Newton angezitarajia elektroni hizo zikimbie kilomita milioni 2.3 kwa sekunde na kulimaliza bomba kabla ya nanosekunde 4 kutimia. Zilitumia 28. Mwanga nao, kwa umbali huohuo, hutumia 28.

Mwenye shaka atauliza: je, kama nishati haikuingia kwenye elektroni? Huenda mashine ilikuwa ikila umeme tu bila kuongeza chochote. Bertozzi alikuwa amelifikiria hilo. Alipima jinsi kisahani cha alumini kilivyopata joto kilipogongwa, na joto lile likalingana na nishati ambayo mashine ilikuwa imetoa. Kipimo hiki cha joto, ambacho vitabu vingi hukiruka, ndicho ninachokiona kuwa kiini cha jaribio zima. Nishati ilifika yote, haikupotea njiani. Ila haikugeuka kuwa kasi.

Leo jambo hilo hufanyika kila siku ya kazi katika CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Protoni huingia katika mashine ya LHC zikiwa na nishati ya elektroni-volti bilioni 450, na wakati huo zinaachwa na mwanga kwa takriban mita 650 katika kila sekunde. Mashine huziongezea nishati mara 15, hadi elektroni-volti trilioni 6.8. Faida yake katika kasi ni kwamba sasa zinaachwa kwa mita 3 tu. Hesabu ya Newton ingezipa zaidi ya mara mia ya kasi ya mwanga. Wahandisi walioijenga mashine hii wasingeweza kuipuuza tofauti hiyo, kwa sababu misukumo ya umeme inayoziongeza nguvu protoni lazima izikute palepale zilipo, mizunguko zaidi ya 11,000 kwa sekunde. Kama protoni zingekuwa na uwezo wa kuupita mwanga hata kidogo, mashine ingezipoteza kabla ya kufumba na kufumbua.

Maumbile nayo yana mashine zenye nguvu kuliko zetu. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1991, darubini ya Fly's Eye huko Utah iliona mmweko wa chembe moja kutoka anga za mbali iliyogonga hewa ikiwa na nishati ya takriban elektroni-volti trilioni milioni 320. Ni mara milioni 50 hivi ya protoni ya LHC, yote imebebwa na chembe moja. Ikiwa ilikuwa protoni, basi ingeshindana na mwanga kwa mwaka mzima na kuachwa kwa sehemu ndogo mno ya unene wa unywele. Lakini ingeachwa.

Njia ya pili ni ya ujanja. Badala ya kukisukuma kitu ili kiupite mwanga, usukume mwanga wenyewe: upande kwenye kitu kinachokwenda kasi, kisha uwashe taa ikielekea mbele. Kijana aliyesimama nyuma ya lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa akirusha embe mbele kwa kilomita 40 kwa saa, mtu wa kando ya barabara ataliona embe likienda kwa 100. Kwa nini mwanga usiwe hivyo? Mwanafizikia Walther Ritz alipendekeza mwaka 1908 kwamba uko hivyo, kwamba mwanga hubeba kasi ya chanzo chake. Halikuwa wazo la kipuuzi. Lilieleza majaribio mengi ya wakati ule bila kuhitaji Einstein.

Aliyelipinga kwa ushahidi ni mwanaastronomia Mholanzi Willem de Sitter, mwaka 1913, na hakuhitaji hata chombo kipya. Alielekeza macho kwenye nyota pacha, zile mbili zinazozungukana. Nusu ya mzunguko nyota inatujia, nusu nyingine inatukimbia. Kama Ritz alikuwa sahihi, mwanga uliotoka wakati nyota inatujia ungekuwa na kasi zaidi, na baada ya safari ya miaka mingi ungeukuta na kuupita mwanga uliotoka mapema wakati nyota inatukimbia. Tungeona vurugu: nyota ikionekana mahali pawili kwa wakati mmoja, mizunguko ikipindapinda kinyume cha sheria za uvutano. Hatuoni hivyo. Nyota pacha huzungukana kwa utaratibu.

Hoja hii ilikubalika kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1960 J. G. Fox alipoonyesha tundu lake. Kati ya nyota na sisi kuna gesi, nyembamba lakini ipo. Mwanga wa kawaida ukipita ndani yake humezwa na kutolewa upya na atomi za gesi, kwa hiyo unaotufikia huenda umeshasahau kasi ya nyota ulikotoka, na kubeba kasi ya gesi tu. Tundu lilikuwa la kweli, na ilibidi lizibwe.

Sehemu ya jibu ilipita pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isifike chini. Kurushwa karibu na ikweta kuliiwezesha roketi ndogo kunufaika na mzunguko wa dunia, na kukakiweka chombo kwenye njia isiyosumbuliwa sana na mikanda ya mionzi inayoizunguka sayari yetu.

Uhuru ndiyo iliyogundua kwamba Centaurus X-3 hupiga mapigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba Hercules X-1 hupiga kila sekunde 1.24. Mapigo yale yalikuwa yakiwahi na kuchelewa kidogo kwa mpangilio, na hapo ikajulikana kwamba kila chanzo ni nyota iliyokufa na kusongamana, inayozunguka nyota nyingine. Ile ya Centaurus humaliza mzunguko kwa siku 2.1, kwa kasi ya takriban kilomita 415 kwa sekunde.

Mwaka 1977 Kenneth Brecher aliona kwamba vyanzo vya namna hii ndivyo de Sitter alivyovikosa. Mionzi ya eksirei hupenya gesi ya angani bila kumezwa na kutolewa upya kama mwanga wa kawaida, kwa hiyo inatufikia na kumbukumbu yake yote. Na nyota zenyewe ziko mbali, maelfu ya miaka ya nuru. Piga hesabu: kama pigo lililotoka nyota ikitujia lingeongezewa kilomita 415 kwa sekunde, basi katika safari ya miaka ya nuru 10,000 lingewahi kwa takriban miaka 14. Nyota inayomaliza mzunguko kwa siku mbili tu! Mapigo ya mizunguko zaidi ya elfu mbili yangefika yamevurugana, na Uhuru isingeona mpangilio wowote. Uliokuwepo ulikuwa mpangilio safi. Brecher alikokotoa kwamba mionzi haiwezi kuwa inabeba zaidi ya sehemu 2 katika bilioni za kasi ya chanzo chake. Kwa nyota ya kilomita 415 kwa sekunde, hiyo haifiki milimita 1 kwa sekunde.

Ulikuwepo pia ushahidi wa maabara. Mwaka 1964, CERN, Torsten Alväger na wenzake waligongesha protoni kwenye beriliamu na kupata chembe ziitwazo pioni zilizokuwa zikienda kwa asilimia 99.975 ya kasi ya mwanga. Pioni hizo huvunjika mara moja na kutoa mwanga wa gama kuelekea mbele. Kwa hesabu ya lori na embe, gama hiyo ilipaswa kwenda karibu mara mbili ya mwanga wa kawaida. Ilipopimwa, ilikuwa na kasi ileile ya mwanga wa taa ya mezani. Brecher alitumia nyota za kasi ndogo na umbali mkubwa; Alväger kasi kubwa na umbali wa ukumbi mmoja. Kila mmoja anaziba palipobaki wazi kwa mwenzake, ndiyo maana ninawaweka pamoja.

Hadi hapa mtu anaweza bado kusema kwamba hii ni habari ya mwanga na vitu vyenye umeme, basi. Elektroni na protoni zina chaji, na mwanga ni wimbi la sumaku na umeme. Labda kikomo ni tabia ya umeme, wala si ya ulimwengu. Tena mwanga wenyewe hupitwa. Ndani ya maji hupungua hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na elektroni kali zinazotoka kwenye vinu vya nyuklia huupita humo na kutoa ule mng'ao wa buluu alioueleza Pavel Cherenkov katika miaka ya 1930. Elektroni hizo hazivunji sheria yoyote, maana bado ziko chini ya kilomita 299,792 kwa sekunde. Kinachozuia ni namba hiyo, na mwanga huifikia tu pale usipozuiwa na kitu.

Kwa hiyo tunahitaji wajumbe wasiohusiana na mwanga. Tarehe 23 Februari 1987, saa 4:35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, nyutrino zilipita ndani ya dunia zikitokea Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa takriban miaka ya nuru 168,000, ambako nyota kubwa ilikuwa imeporomoka. Nyutrino hazina chaji na hupenya karibu kila kitu. Tangi la maji la Kamiokande huko Japani lilinasa 11, la IMB chini ya ardhi ya Ohio likanasa 8, na kituo cha Baksan katika Kaukazi kikanasa 5, zote ndani ya sekunde chache. Saa tatu hivi baadaye mwanga wa mlipuko ukaanza kuonekana. Nyutrino zilitangulia kwa sababu zilitoka kwenye kiini cha nyota mara moja, ilhali mwanga ulisubiri wimbi la mlipuko lifike juu. Safari ya miaka 168,000 na tofauti ya saa tatu! Kasi zao zilifanana kwa kiwango cha sehemu chache katika bilioni. Masatoshi Koshiba aliyeongoza Kamiokande na Riccardo Giacconi aliyeongoza Uhuru walikuja kugawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002, pamoja na Raymond Davis.

Mjumbe wa mwisho ni uvutano wenyewe. Tarehe 17 Agosti 2017 vituo vya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia vilihisi mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zikigongana katika galaksi ya NGC 4993, miaka ya nuru milioni 130 kutoka hapa. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa gama. Mawimbi ya uvutano hayana chaji, hayana uhusiano na umeme; ni anga lenyewe linalotikisika. Yalisafiri pamoja na mwanga kwa miaka milioni 130, na kasi zao hazikutofautiana zaidi ya sehemu chache katika milioni ya bilioni. Kama ningeruhusiwa kumpa msomaji ushahidi mmoja tu, ningempa huu. Kikomo ambacho mwanga na uvutano wanakishika sawasawa hakiwezi kuwa mali ya mmoja wao.

Mara moja ilionekana kama kimevunjwa. Tarehe 23 Septemba 2011 kundi la OPERA lilitangaza, katika ukumbi wa CERN, kwamba nyutrino zilizotumwa kutoka hapo kupitia ardhini hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730, zilikuwa zikifika nanosekunde 60 kabla ya wakati wa mwanga. Walikuwa na data ya miaka mitatu, matukio zaidi ya 15,000, na umbali waliupima kwa usahihi wa sentimita 20. Hawakutangaza kwamba Einstein ameanguka. Walisema wametafuta kosa hawakuliona, wakawaomba wengine wasaidie kulitafuta. Kuuliza si ujinga, na naamini kundi lile lilistahili heshima zaidi ya ile lililopewa.

Pingamizi zilikuja upesi. Kama nyutrino zingekuwa na kasi ile mwaka 1987, zile za Wingu la Magellan zingefika miaka minne kabla ya mwanga. Ingawa ni haki kukumbuka kwamba nyutrino za OPERA zilikuwa na nishati kubwa zaidi. Andrew Cohen na Sheldon Glashow walionyesha kwamba nyutrino yenye kuupita mwanga ingemwaga nishati yake njiani kwa kuzalisha elektroni na pozitroni, na ICARUS, majirani wa OPERA mlemle Gran Sasso, wakaziona nyutrino zikifika na nishati yao bila upungufu huo. Mwanzoni mwa 2012 kosa likapatikana: kebo ya faiba iliyoleta saa ya GPS kwenye mitambo haikuwa imekazwa vizuri, ikachelewesha ishara kwa nanosekunde zaidi ya 70. Kosa la pili, la saa ya ndani, lilivuta upande wa pili na kulificha kwa sehemu. ICARUS wakapima wenyewe na kuzikuta nyutrino zikienda na mwanga sambamba. Viongozi wawili wa OPERA walijiuzulu mwezi Machi, na kufikia Juni majaribio manne ya Gran Sasso yalikuwa yametoa jibu moja.

Kuna jambo moja ambalo bado huwatatiza wasomaji, nalo ni chembe zilizofungamana. Ukipima moja, nyingine iliyo mbali huonekana kuitikia papo hapo. Mwaka 2008 Nicolas Gisin na wenzake walizitenganisha chembe za mwanga kati ya vijiji vya Satigny na Jussy, kilomita 18, wakakuta kwamba kama kuna kitu kinachopita kati yao, lazima kiende angalau mara 10,000 ya kasi ya mwanga. Lakini aliye Satigny anapata matokeo ya bahati nasibu, na aliye Jussy vilevile. Hakuna anayeweza kuchagua jibu na kulituma. Ulinganifu wao huonekana tu baada ya karatasi mbili kuwekwa pamoja, na karatasi husafirishwa kwa kasi ya kawaida.

Kazi ya kukijaribu kikomo haijaachwa. Tarehe 10 Mei 2009 Fermi ilipokea mmweko wa gama kutoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 7.3, na ndani yake chembe moja ya mwanga yenye nishati ya elektroni-volti bilioni 31 ilifika chini ya sekunde moja baada ya mmweko kuanza, pamoja na wenzake dhaifu walioondoka naye. Baadhi ya nadharia za uvutano wa chembe ndogo zilikuwa zimetabiri kwamba mwanga wa nishati kubwa ungepishana na ule wa nishati ndogo kwa njia ndefu kama hiyo, na zile zilizotabiri tofauti kubwa zaidi zimelazimika kuachwa. Zenye kutabiri tofauti ndogo bado zinasubiri mmweko wenye nguvu zaidi, kutoka mbali zaidi.